Barua ya wazi kwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii: mwimbaji wa kike naye ni mfanyakazi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu kutoka Busia.

Naandika kwa niaba ya kikundi cha waimbaji na wanenguaji wanawake wa hapa mpakani, upande wa Uganda. Tunaimba kwenye harusi, kwenye kumbi za baa na hoteli, kwenye mikutano ya wanasiasa wakati wa kampeni. Kwa usiku mmoja tunaimba Kiswahili, Kisamia na Kiganda, kwa sababu wasikilizaji wetu ni madereva wa malori, wachuuzi wa sokoni, maafisa wa forodha na jamaa zetu. Muziki ndio unaotulipia karo za watoto na kodi ya nyumba.

Barua hii isingefika hadharani kama zile za mwanzo zingejibiwa. Tulianza kwa afisa wa maendeleo ya jamii wilayani. Tukaenda polisi. Mwisho tukaleta barua wizarani, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, tukarudi nyumbani kusubiri. Kote tulikaribishwa vizuri na kuahidiwa kuitwa, na hatujaitwa. Majina yetu, sahihi zetu na maelezo kamili ya mlalamikaji yamo katika barua hiyo iliyoko ofisini kwako. Hapa sitayarudia, wala sitamtaja tunayemlalamikia, kwa kuwa hukumu si kazi yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mmoja wetu, binti ambaye ndiyo kwanza anaanza kujulikana, alialikwa kuimba katika ukumbi mmoja. Chumba cha kubadilishia nguo alichopewa kilikuwa stoo ya kreti za soda, mlango wake hauna komeo. Mwenye ukumbi alimfuata humo na kumshika kwa nguvu. Nje muziki ulikuwa unapigwa, hakuna aliyesikia kelele zake. Alijinasua, akatoka, akakataa kupanda jukwaani, na kwa kukataa huko hakulipwa hata nauli. Siku zilizofuata habari zikaenezwa kwamba ana maringo na anavunja mikataba, na kumbi nyingine zikaacha kumwita. Polisi alikoenda kushtaki, swali la kwanza lilikuwa: ulikuwa umevaa nini?

Nilipokuwa nimekaa naye pale kituoni nilimkumbuka Sheebah Karungi.

Uganda nzima inamjua Sheebah, na nadhani hata kwako hahitaji kuelezwa. Mtoto wa Kawempe jijini Kampala, aliacha shule mapema, akaanza kwa kunengua katika vikundi vya dansi, akapitia kikundi cha Obsessions, hatimaye akawa mwimbaji anayejaza kumbi. Ametwaa tuzo nyingi kubwa za muziki nchini. Mwaka 2022 aliachana na lebo ya Team No Sleep akaanza kujisimamia mwenyewe. Mwaka uliofuata yeye na mwimbaji mwenzake Cindy Sanyu walishindana jukwaa moja uwanjani Kololo. Mwaka 2024 aliimba Kampala akiwa mjamzito, na wapo waliozungumzia tumbo lake wiki nzima bila kuuliza ameimbaje. Tangu aanze, kila hatua yake imezua ubishi: nguo zake, kauli zake kwamba mwanamke ajitegemee, kuchelewa kwake kuzaa, kisha kuzaa kwake.

Mei 2022 mwanamke huyu alijitokeza mtandaoni akasema kwamba akiwa ndani ya gari lake, akisubiri kupanda jukwaani, mwanaume mwenye heshima kubwa katika jamii alimvunjia heshima ya mwili wake. Hakumtaja jina. Nchi iligawanyika mara moja. Wako waliomwonea huruma, lakini wako wengi, tena wasomi, waliohoji mavazi yake na nyimbo zake, kana kwamba anayeimba mapenzi amekwisha kutoa ruhusa kwa kila mkono. Mpaka leo hakuna aliyesimama kizimbani.

Sasa fikiria, Mheshimiwa. Sheebah ana walinzi, ana mashabiki wanaohesabika kwa malaki. Kama yeye alizungumza na haikusaidia, binti wa Busia aliyebadilishia nguo kwenye kreti za soda atamwendea nani?

Kwa hiyo naomba uyasikilize haya:

1. Serikali imekuwa mwepesi wa kutuadhibu na mzito wa kutulinda.

Februari 2014 Rais alitia sahihi Sheria ya Kupinga Ponografia. Haikutaja sketi fupi, lakini mitaani ilieleweka hivyo, na wanawake wakavuliwa nguo na makundi ya wanaume mchana kweupe. Mwezi huohuo wanawake walikusanyika kwenye Jumba la Taifa la Maigizo jijini Kampala kupinga. Kabla mwaka haujaisha, Jemimah Kansiime, anayejulikana kwa jina la kisanii Panadol wa Basajja, alikamatwa kwa sababu ya video ya wimbo wake. Alikuwa na umri wa miaka 21. Sheria ile ilimtishia kifungo cha hadi miaka 10. Mwanaume aliyeshtakiwa pamoja naye alikiri kosa, akatozwa faini ya shilingi 200,000, akaenda zake. Yeye alikana, akakaa rumande takriban wiki tano kabla ya kupata dhamana.

Mwaka huohuo picha za faragha za mwimbaji Desire Luzinda zilivujishwa bila ridhaa yake. Waziri wa Maadili wa wakati huo, Padri Simon Lokodo, alitaka Desire mwenyewe akamatwe. Yaani mwenye nyumba aliyeibiwa ndiye anayetafutwa na polisi.

Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vikuu vya sheria ile, kikiwemo kile kilichoeleza ponografia ni nini. Vilikuwa na maneno mapana mno, kila afisa angeweza kuvitafsiri apendavyo. Tuliipokea hukumu ile kwa shukrani. Lakini kumbuka ilichukua zaidi ya miaka saba, na kwa miaka hiyo yote kila mwimbaji wa kike alijua kwamba video yake inaweza kumpeleka gereza la Luzira. Katika miaka hiyohiyo sikusikia kampeni hata moja ya serikali iliyouliza nani anawagusa waimbaji nyuma ya jukwaa.

Mimi ni Mwislamu na ni mama. Zipo nyimbo za wenzangu ambazo nikiwa na wanangu huzima redio, na kuna mavazi ambayo siwezi kuyavaa jukwaani hata nikilipwa maradufu. Nina haki ya kuzima redio yangu. Lakini aibu ninayoiona mimi kwenye wimbo wa mtu haimpi mwanaume ruhusa ya kumshika mwimbaji huyo, wala haimpi askari sababu ya kutosikiliza malalamiko yake.

2. Sheria ya kazi inatuacha nje.

Hili ndilo ninalokuomba ulisome kwa makini kuliko yote, kwa kuwa liko mikononi mwa wizara yako.

Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza unyanyasaji wa kingono kazini, na mwaka 2012 zikatungwa kanuni za kuutekeleza ukatazaji huo. Ni kazi nzuri. Ila wajibu wa kuweka hatua za kuzuia unyanyasaji umewekwa juu ya mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25. Ukumbi gani Busia una wafanyakazi 25? Wapo wenye sita, wapo wenye wanne na mke wa mwenye mali jikoni. Hata Kampala, ondoa hoteli kubwa, utabaki na baa nyingi ambazo hazifiki idadi hiyo.

Tena sisi hata kwenye hao sita hatuhesabiwi. Mwimbaji anakuja usiku mmoja, anaondoka alfajiri. Promota atasema hajamwajiri, amemwalika. Mwenye ukumbi atasema amekodisha ukumbi kwa promota. Meneja wa bendi atasema yeye ni mtafutaji wa kazi tu. Likitokea la kutokea, watatu hawa wanasukumiana, na binti amesimama katikati akiwa hana mwajiri, ingawa watatu wote wamekula fedha ya jasho lake usiku uleule.

Na anayegawa kazi ndiye mara nyingi anayetaka malipo ya mwili. Hakuna barua ya kufukuzwa wala onyo la maandishi. Simu inaacha kuita tu. Mwalimu akinyanyaswa na mkuu wa shule, angalau liko daftari lenye jina lake na ofisi ya elimu ya kumpokea. Sisi ushahidi wetu wa kazi ni bango ukutani, na bango huchanwa kesho yake.

3. Mikono ya wanaotunza.

Kumtunza mwimbaji ni mila nzuri, na sitaki mtu asome hapa akadhani naipinga. Mtu akiguswa na wimbo, anainuka na noti yake, anacheza mpaka mbele, anakupa. Wanawake wenzetu hutunza hivyo, wazee hutunza hivyo, na kwenye harusi tunzo mara nyingine huzidi malipo yenyewe.

Ila kumezuka desturi ya wanaume kuingiza noti kifuani mwa mwimbaji au kuichomeka kiunoni mwa mnenguaji, huku mshereheshaji akishangilia kwenye kipaza sauti na kuwaita wengine waje. Binti anaendelea kuimba. Akiurudisha mkono ule, ameharibu sherehe, na mwenye sherehe hatamlipa. Watu wanaona anatabasamu, wanadhani amependa. Tunatabasamu kwa sababu hatujalipwa bado.

Katiba yetu ya 1995, ibara ya 33, inasema mwanamke ana utu kamili sawa na mwanaume, na inakataza mila yoyote inayovunja heshima yake. Wizara yako ndiyo yenye dhamana ya utamaduni na ya jinsia kwa pamoja. Sijui ni ofisi gani nyingine ingelishughulikia hili kama si hiyo.

4. Polisi.

Kosa la shambulio la aibu limo katika Sheria ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Maandishi ni makali. Ukifika kituoni, unaambiwa ulete fomu ya daktari, ile ya PF3. Daktari anaandika majeraha. Aliyeshikwa matiti kwenye stoo hana jeraha la kuandikwa. Basi fomu inarudi tupu, na faili linalala. Binti wetu aliulizwa mavazi kabla ya kuulizwa jina la mtuhumiwa. Sitaki kuwasema askari wote, kwani yupo mmoja, mama mtu mzima, aliyemketisha na kumpa maji na kumsikiliza mpaka mwisho. Huyo hakuwa na mamlaka ya kufungua kesi.

5. Malipo.

Kwa kifupi: hatuna mikataba ya maandishi. Adivansi hutumwa kwa simu, salio huahidiwa baada ya shoo, na baada ya shoo ndipo unapoitwa ofisini peke yako, saa nane za usiku, kulichukua. Ukitaka kujua kwa nini wengi hunyamaza, anza na hilo salio.

Mheshimiwa Waziri, yapo majibu ambayo tumekwisha kuyasikia, na ningependa kuyajibu kabla hayajatolewa tena.

Tutaambiwa sheria zipo, tuzitumie. Nimeeleza hapo juu: ya ajira inaishia kwa waajiri wakubwa, na ya adhabu inakwama kwenye fomu.

Tutaambiwa wanamuziki wana vyama vyao, na siku hizi lipo hata Shirikisho la Taifa la Wanamuziki, basi twende huko. Tunaviheshimu. Lakini chama hakiwezi kumfungia ukumbi mtu, hakiwezi kumkamata mtu, hakitoi kibali cha shoo. Na viongozi wa vyama ni wanamuziki kama sisi, wanaohitaji kuitwa na mapromota walewale.

Tutaambiwa wizara ilikwisha kushughulikia burudani. Ni kweli, mwaka 2019 yaliletwa mapendekezo ya kanuni za maonyesho na burudani. Tulizisoma habari zake kwa matumaini. Tukakuta wasanii waandikishwe, mashairi yakaguliwe kabla ya kutoka, na anayetaka kuimba nje ya nchi aombe ruhusa. Kwa sisi wa Busia tunaovuka mpaka kwa miguu kwenda kuimba harusi ya shangazi upande wa Kenya, hilo la ruhusa lilitushangaza. Lakini kilichotuuma zaidi ni kwamba mapendekezo yale yalihangaikia kinachotoka kinywani mwa mwimbaji, wala hatukusikia lolote kuhusu chumba anachovalia. Kama serikali ina uwezo wa kusoma mashairi ya kila wimbo nchini, uwezo wa kuuliza kama mlango una komeo hauwezi kukosekana.

Na tutaambiwa, labda si na wewe lakini na wengi, kwamba wanawake hawa wanajitakia; waimbe nyimbo za dini au watafute kazi nyingine. Binti niliyemwelezea alivaa gauni refu usiku ule na aliimba taarabu. Nimelisema hilo kwa ajili ya wale wasioweza kusikiliza bila kulijua. Angekuwa amevaa kama Sheebah, kosa la mwanaume yule lingekuwa lilelile.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Kanuni za mwaka 2012 zirekebishwe ili wajibu wa kuzuia unyanyasaji wa kingono umhusu kila mwenye ukumbi, baa au hoteli inayoweka burudani, hata kama ana mfanyakazi mmoja, na ili msanii wa usiku mmoja ahesabiwe kuwa mfanyakazi kwa usiku huo. Ikiwa sheria yenyewe ndiyo inayozuia, basi mswada wa kuirekebisha upelekwe Bungeni.

(b) Popote kibali cha onyesho kinapotolewa, kiwe na masharti: mkataba wa maandishi kwa kila msanii, chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na jina la mtu mmoja atakayewajibika likitokea jambo. Mtu mmoja, ili wasisukumiane tena.

(c) Wizara ikae na polisi ili dawati la ulinzi wa mtoto na familia katika kila wilaya liruhusiwe kufungua kesi ya shambulio la aibu kwa maelezo ya mlalamikaji na mashahidi, bila kumrudisha kwa kukosa jeraha. Na swali la mavazi liondolewe kabisa katika kuandika maelezo.

(d) Vifungu vilivyofutwa na Mahakama ya Katiba visirudishwe kwa jina jingine. Tukisikia mswada mpya wa maadili, tutausoma neno kwa neno.

(e) Barua yetu iliyogongwa muhuri ijibiwe kwa maandishi, na malalamiko ya mwenzetu yapewe afisa wa kuyafuatilia, ambaye jina lake tutalijua.

Tunaomba jibu ndani ya siku 60. Likija, tutalisoma hadharani kama tulivyoandika hadharani. Lisipokuja, tutaipeleka barua hii kwa Kamati ya Bunge inayosimamia wizara yako, na tutawaomba waimbaji wanawake wa Mbale, Tororo, Arua na Kampala waisaini pamoja nasi. Tumekwisha kuzungumza na baadhi yao. Kila mmoja alikuwa na stoo yake ya kutusimulia.

Kwa heshima,

Mwenyekiti, kwa niaba ya waimbaji na wanenguaji wanawake
Busia, Uganda

Nakala:
Spika wa Bunge
Inspekta Jenerali wa Polisi
Kituo cha Taifa cha Utamaduni, Kampala
Ofisi ya maendeleo ya jamii, Wilaya ya Busia